Sura ya Sita: Kupima Hatari kwa Saa

Kampuni inayotengeneza bidhaa hukabili hatari ya kimtandao kwa namna isiyofanana na benki wala shirika la simu, kwa sababu kinachoweza kuharibiwa ndani yake si kumbukumbu na fedha pekee, bali pia bidhaa iliyo katikati ya kutengenezwa, mtambo unaoitengeneza, na wakati mwingine mwili wa mfanyakazi anayeusimamia mtambo huo. Katika sura hii, hatari ya kimtandao ina maana ya uwezekano wa kazi kuvurugika, mali kupotea au mtu kuumia kutokana na kuingiliwa kwa kompyuta, simu, programu au mawasiliano ambayo kazi hiyo inayategemea. Wataalamu wengi huipima kwa kuzidisha mambo mawili, yaani uwezekano wa tukio kutokea na ukubwa wa madhara yake likitokea, na kanuni hiyo haina kasoro kihesabu. Matatizo huanza pale benki, kampuni ya bima, mfadhili au serikali ya kaunti inapotaka kuzilinganisha kampuni mbili au tatu na kuamua ipi imo hatarini zaidi, kwa kuwa uwezekano hasa haujulikani, na madhara hukadiriwa kwa kipimo chochote kilicho karibu na mkono.

Vipimo hivyo vya karibu ni vitatu. Cha kwanza ni mauzo ya mwaka, ambacho huchukulia kwamba mwenye kingi hupoteza kingi. Cha pili ni idadi ya kompyuta na watumiaji, kwa hoja kwamba kila kompyuta ni mlango mmoja zaidi wa kulindwa. Cha tatu, ambacho kimeenea sana katika miaka ya karibuni, ni alama zinazotolewa na kampuni kama BitSight na SecurityScorecard, ambazo huichunguza kampuni nyingine kutoka nje kwa kuangalia milango yake iliyo wazi kwenye intaneti, programu zake zilizopitwa na wakati na nywila za wafanyakazi wake zilizokwisha kuvuja, kisha huipa daraja ambalo wanunuzi na makampuni ya bima hulitumia kufanya maamuzi. Kila kimoja kina manufaa yake, lakini vyote vitatu huitazama kampuni kwa kile inachoonyesha ikiwa kazini, na kukiacha kile kinachoharibika inaposimama.

Isiolo ni mahali pazuri pa kuvijaribu vipimo hivyo, kwa sababu hapo uzalishaji ni mchanga, ni mdogo, na karibu wote unahusu vitu vinavyooza. Mji huo uko takriban kilomita 280 kutoka Nairobi, kwenye njia kuu ya kwenda Marsabit na Moyale, mahali ambapo ardhi yenye rutuba ya Meru inaishia na nchi ya wafugaji wa Kiborana, Kisomali, Kisamburu na Kiturkana inaanza. Mpango wa ushoroba wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012, uliitaja Isiolo kuwa njia panda ya barabara, reli na bomba la mafuta, na tangu hapo mji umepata lami hadi Moyale pamoja na uwanja wa ndege uliopanuliwa, huku reli na bomba vikiendelea kusubiriwa. Katika mazingira hayo zimekua kazi mbili ambazo ndizo kiini cha ulinganisho wa sura hii: ukusanyaji na upoozaji wa maziwa ya ngamia, unaofanywa na vyama vya ushirika vya akina mama ambavyo Anolei ndicho kinachojulikana zaidi, na uchinjaji wa mifugo kwa ajili ya masoko ya mbali, ambao kaunti imeujengea kichinjio kikubwa cha kisasa kwa miaka mingi na kwa kusuasua.

Ikiwa chama cha maziwa kitapimwa kwa vipimo vitatu vilivyotajwa, kitaonekana salama kuliko karibu kila kampuni nchini. Mauzo yake ni madogo, kompyuta zake ni moja au mbili, na mchunguzi wa kutoka nje hatapata seva wala mlango wowote ulio wazi kwenye intaneti. Kichinjio chenye vyumba vya ubaridi na mitambo ya umeme kitafuata kwa karibu, ilhali kiwanda cha saruji cha Athi River au kampuni ya nyama ya kimataifa itakuwa mwisho wa orodha. Mpangilio huo unapotosha, na kosa lake ni kubwa kiasi cha kuhitaji kipimo kingine.

Kipimo kinachopendekezwa hapa ni saa. Kila kampuni ya uzalishaji ina muda ambao inaweza kusimama kabla hasara haijawa ya kudumu, na muda huo unaweza kuitwa muda wa stahamala. Ina pia muda unaohitajika ili kazi irejee baada ya kuvurugwa, ambao ni muda wa kurejea. Wanaoshughulikia mwendelezo wa biashara wanavijua vipimo vya aina hii tangu zamani, ila kwa kawaida huvitumia ndani ya kampuni moja kupanga kazi zake, na ni nadra kuvitumia kuzilinganisha kampuni. Pale muda wa kurejea unapouzidi muda wa stahamala, kampuni imo hatarini hata kama haina seva hata moja. Na pale stahamala inapozidi, kampuni kubwa yenye maelfu ya kompyuta inaweza kupigwa vibaya na bado ikasimama tena.

Matukio yanayojulikana zaidi duniani yanaunga mkono hoja hiyo. Tarehe 30 Mei 2021 kampuni ya nyama ya JBS, yenye asili ya Brazili, iligundua kwamba mifumo yake imevamiwa kwa programu ya utekaji, yaani programu inayoyafunga mafaili ya mwenye kompyuta kwa njia ya siri za kihesabu na kumdai kikombozi ili afunguliwe. Vichinjio vyake vya Marekani, Kanada na Australia vilisimama, na kwa kuwa karibu sehemu moja kwa tano ya uchinjaji wa ng'ombe nchini Marekani ulikuwa mikononi mwake, masoko ya nyama yaliingia wasiwasi mara moja. Sehemu kubwa ya kazi ilirejea katika siku chache, lakini kampuni ilikiri baadaye kwamba ililipa kikombozi cha thamani ya dola milioni 11. Kilichoifaa JBS ni kwamba ng'ombe wake waliendelea kula katika mashamba ya kunenepeshea, ambako mnyama anaweza kusubiri siku tatu zaidi bila madhara makubwa. Mbuzi aliyesafirishwa kutoka Merti au kuswagwa kutoka Garbatulla hadi Isiolo hana shamba la namna hiyo la kumpokea. Kila siku anayokaa akisubiri mahali pasipo na malisho, hasa wakati wa kiangazi, hupoteza uzito ambao mfugaji ameulea kwa miezi, naye mfugaji mwenyewe hulipia maji, malisho ya kununua na malazi yake mjini. Kwa hiyo kichinjio kidogo cha nchi kavu kina stahamala fupi kuliko kampuni kubwa kabisa ya nyama duniani, ingawa mauzo yake hayafikii hata chembe ya yale ya JBS.

Mfano wa Norsk Hydro, kampuni ya alumini ya Norwei yenye wafanyakazi wapatao 35,000, unaonyesha upande wa pili. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Machi 2019 programu ya utekaji iitwayo LockerGoga ilifunga kompyuta zake katika nchi nyingi. Kampuni ilikataa kulipa, ikawaeleza wanahabari ukweli siku hiyohiyo, na ikarudi kwenye karatasi. Matanuri ya kuyeyushia alumini hayavumilii kuzimwa, kwa sababu madini yaliyoyeyuka yakipoa ndani ya chungu huganda na kukiharibu, hivyo wafanyakazi waliyaendesha kwa mkono ili saa za stahamala zisiishe. Na katika baadhi ya viwanda wastaafu waliokumbuka namna kazi ilivyofanywa kabla ya kompyuta walirudi kusaidia. Hasara ilifikia mamia ya mamilioni ya kroni. Hata hivyo matanuri yalibaki yanawaka, na hilo ndilo lililoamua kama kampuni itakuwepo mwaka unaofuata.

Kule Ujerumani, ofisi ya shirikisho ya usalama wa habari ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2014 kuhusu kiwanda cha chuma, ambacho haikukitaja jina, ambapo wavamizi waliingia kupitia barua pepe za ulaghai, wakafika kwenye mifumo ya mitambo, na tanuri likashindwa kuzimwa kwa utaratibu wake na kuharibika vibaya. Chuma chenyewe kingeweza kusubiri ghalani hata mwaka mzima, tanuri halikuweza. Ndiyo maana stahamala ya kampuni haina budi kuhesabiwa kwa kitu kinachokufa mapema zaidi ndani yake, kiwe ni bidhaa, mtambo, mnyama au imani ya mnunuzi. Saruji iliyofungwa mifukoni huvumilia wiki nyingi, lakini tanuri linaloichoma klinka kwa joto la takriban nyuzi 1,450 halipendi kusimamishwa ghafla, na matofali yanayolifunika kwa ndani yanaweza kupasuka.

Wahalifu wameielewa hesabu hii kabla ya wapimaji. Ripoti ya kitengo cha X-Force cha IBM iliyotolewa mwaka 2025 iliitaja sekta ya uzalishaji kuwa iliyoshambuliwa zaidi duniani kwa mwaka wa nne mfululizo. Anayedai kikombozi humtafuta mtu ambaye kila saa inayopita inamuumiza, naye mwenye kiwanda kilichosimama ndiye mtu huyo.

Maziwa ya ngamia yanastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa hapo saa zinahesabika waziwazi. Maziwa hukamwa alfajiri katika maboma ya Kulamawe, Burat na kwingineko, husafirishwa mjini katika mitungi juu ya pikipiki na magari ya abiria, na hupokewa na akina mama wanaoyapima msongamano wake kwa laktomita, wanaoyajaribu kwa spiriti ili kujua kama yameanza kuganda, wanaoyachuja, na wanaoyatia kwenye friza hadi yapoe. Kila mtungi una jina la mwenyewe, na kiasi chake huandikwa daftarini. Baadaye hupakiwa kwenye basi la Nairobi, ambako wafanyabiashara wa Eastleigh huyapokea na kuyauza, nayo malipo hurudi Isiolo kwa M-Pesa. Maziwa ya ngamia hukawia kuchacha kuliko ya ng'ombe, kwa sababu yana kwa wingi protini za asili zinazozuia vijidudu, lakini katika joto la Isiolo ukawiaji huo ni wa saa tu. Yakichelewa hugeuzwa suusa, maziwa ya kuchacha ambayo yana wateja wake, ingawa si wateja wote wa maziwa mabichi. Hivyo mnyororo mzima, kutoka kiwele hadi kikombe, una stahamala isiyotimia siku moja.

Ni wapi basi mtandao unaugusa mnyororo huo? Friza haijaunganishwa na chochote isipokuwa umeme, na daftari haliwezi kuvamiwa kutoka ng'ambo. Mguso uko kwenye simu. Simu moja, na laini moja ndani yake, hubeba fedha za wanachama, majina ya wanunuzi, oda za kesho na mazungumzo ya kikundi cha WhatsApp ambamo bei hutangazwa. Shambulio linaloihusu simu hiyo halihitaji ujuzi mkubwa: tapeli huisajili upya laini ya chama kwa jina la uongo, au humpigia mweka hazina akijifanya mhudumu wa kampuni ya simu ili amtajie namba ya siri, au huiteka akaunti ya WhatsApp ya mnunuzi na kutuma ujumbe unaosema kwamba malipo ya leo yapelekwe kwenye namba nyingine. Ujumbe huo wa mwisho ni wa ukoo mmoja na ulaghai wa barua pepe unaoyapotezea makampuni makubwa mabilioni ya dola, ambapo mhasibu huamrishwa na bosi wa bandia kubadilisha akaunti ya kulipia. Tofauti iko kwenye kinachofuata. Kampuni kubwa itaandika hasara na kuendelea, ilhali chama ambacho malipo ya wiki moja yamepotea hakina cha kuwalipa wafugaji, nao wafugaji, ambao nao wana karo na madeni dukani, watampelekea maziwa mchuuzi mwingine kesho asubuhi.

Muda wa kurejea wa chama kama hicho huamuliwa na jambo ambalo hakuna mchunguzi wa nje anayeweza kuliona, nalo ni jina lililosajiliwa kwenye laini. Ikiwa laini imesajiliwa kwa jina la chama au la ofisa aliyepo, mwenye kitambulisho ataenda kwenye duka la kampuni ya simu mjini na kuirejesha siku hiyohiyo. Ikiwa imesajiliwa kwa jina la katibu aliyeondoka zamani na kuhamia mji mwingine, urejeshaji unaweza kuchukua siku nyingi, na stahamala ya maziwa itakuwa imekwisha mara kadhaa. Vyama viwili vyenye mauzo sawa, simu za aina moja na wanachama idadi moja vinaweza kwa hiyo kuwa na hatari zinazopishana mno kwa sababu ya karatasi moja ya usajili. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huo wa udhaifu wa alama za jumla.

Kichinjio kina mguso wa aina nyingine. Mzoga ukishachunwa hauna budi kupoozwa haraka. Masoko yenye masharti makali, kwa mfano Umoja wa Ulaya, hutaka nyama iwe chini ya nyuzi 7 na viungo vya ndani chini ya nyuzi 3, na nyama ya mbuzi ya kupozwa inayopelekwa Ghuba kwa ndege hutegemea ubaridi huo usikatike tangu chumba cha kuning'inizia hadi uwanja wa ndege. Vyumba vya ubaridi vya kisasa huongozwa na kidhibiti, yaani kompyuta ndogo ya viwandani inayosoma joto na kuamuru kompresa, feni na vali. Vidhibiti vya kwanza vilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, na lugha ya mawasiliano iitwayo Modbus, ambayo vingi kati ya vidhibiti huielewa hadi leo, ilitolewa mwaka 1979, wakati ambapo hakuna aliyewaza kwamba mashine ya kiwandani itaunganishwa na dunia nzima. Katika umbo lake la asili Modbus haiulizi anayeamuru ni nani. Yeyote aliyefika kwenye waya anaweza kukiambia kidhibiti kizime kompresa, nacho kitatii.

Kwa kawaida si mvamizi anayeufikia waya huo kwanza. Ni fundi wa kampuni iliyouza mtambo, anayekaa Nairobi au nje ya nchi, ambaye huacha ruta yenye laini ya simu ndani ya kabati la umeme ili aweze kuutazama mtambo bila kufunga safari ya Isiolo kila unapolalamika. Mpango huo una maana kubwa mahali palipo mbali na mafundi, na kuulaani ni kutoielewa nchi. Hatari huingia pale nywila ya ruta inapobaki ileile iliyotoka nayo kiwandani, pale mlango unapobaki wazi usiku na mchana, na pale mwenye kichinjio hajui kama mlango huo upo. Kampuni kubwa kabisa duniani ya kutengeneza chipu za kompyuta kwa niaba ya kampuni nyingine, TSMC ya Taiwan, ilisimamisha sehemu ya viwanda vyake kwa siku kadhaa mwezi Agosti 2018 kwa sababu mtambo mpya uliwekwa na kuunganishwa kabla ya kukaguliwa virusi, na virusi vilivyokuwa ndani yake vikasambaa. Mtambo mpya wa msaada unaoletwa Isiolo kwa sherehe na utepe hauna sababu ya kuaminiwa zaidi ya ule wa Taiwan. Kanuni za kimataifa za IEC 62443 hutaka mifumo ya kiwanda igawanywe katika maeneo, ili kompyuta ya ofisini inayofungua barua pepe isiwe kwenye waya mmoja na kidhibiti cha ubaridi, na njia chache za kupitia kati ya maeneo hayo zilindwe. Katika kiwanda kidogo matakwa hayo yanaweza kutimizwa kwa ruta mbili badala ya moja, na kwa swichi ya fundi ambayo huwashwa anapohitajika na kuzimwa akimaliza.

Kuna pia suala la uhai. Mitambo mikubwa ya ubaridi mara nyingi hutumia amonia, gesi inayounguza macho na mapafu. Mwaka 2017 iligundulika katika kiwanda cha kemikali za petroli nchini Saudi Arabia programu iliyopewa jina la Triton, iliyoundwa kwa makusudi ya kuvamia vidhibiti vya usalama, yaani vile ambavyo kazi yao pekee ni kuuzima mtambo kabla haujaua watu. Mahali penye gesi ya namna hiyo, stahamala huhesabiwa kwa dakika, na ulinganisho wowote unaoliweka shambulio la aina hiyo kwenye safu moja na upotevu wa mafaili ya ofisi umepoteza dira.

Mpaka hapa kampuni zimechukuliwa kana kwamba kila moja inasimama peke yake, jambo ambalo si kweli. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu iitwayo NotPetya ilitoka Ukraine kupitia M.E.Doc, programu ya kodi ambayo biashara nyingi za nchi hiyo ziliitumia kuwasilisha hesabu zao. Mvamizi alichafua masasisho ya programu hiyo, na kampuni zilizokuwa na ofisi huko zikapokea uharibifu kwa mkono wa mtoa huduma waliyemwamini. Merck ya dawa, Mondelez ya biskuti na chokoleti, Saint-Gobain ya vifaa vya ujenzi na Maersk ya meli ziliumia siku moja, ingawa ulinzi wao haukufanana. Nchini Kenya biashara nazo zimetakiwa kutoa ankara za kodi kwa mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Mapato, vibali na huduma nyingi za serikali zimehamia eCitizen, na fedha hupita kwa sehemu kubwa kwenye njia moja ya simu. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen ilielemewa na shambulio la kufurika, yaani kumiminiwa maombi ya uongo mengi kiasi cha kushindwa kuwahudumia wenye haja, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika. Katika siku hizohizo wananchi walipata shida hata ya kununua tokeni za umeme kwa simu. Friza ya Isiolo inayotumia mita ya tokeni ingeweza kuguswa na shambulio ambalo halikuwa na habari nayo. Anayezilinganisha kampuni za nchi moja lazima basi atenganishe hatari ya kila kampuni na hatari inayozikumba zote kwa pamoja, kwa maana benki iliyokopesha viwanda ishirini vinavyotegemea njia moja ya malipo haijatawanya hatari yake kama inavyodhani.

Utegemezi huo huenda pande zote mbili, ingawa huumiza zaidi walio wadogo. Kampuni ya Kojima, inayoitengenezea Toyota sehemu za plastiki, ilivamiwa mwishoni mwa Februari 2022, na tarehe 1 Machi Toyota ikasimamisha njia 28 za uzalishaji katika viwanda vyake 14 vya Japani, kwa kuwa utaratibu wake wa kutoweka akiba ghalani uliifanya stahamala yake iwe ya saa. Uingereza iliona kinyume chake mwaka 2025, pale Jaguar Land Rover iliposimama kwa wiki kadhaa kuanzia mwanzoni mwa Septemba: kituo cha uchunguzi cha huko kilikadiria hasara ya nchi kuwa pauni bilioni 1.9 na mashirika yaliyoathirika kuwa zaidi ya 5,000, mengi yakiwa wauzaji wadogo ambao hawakuvamiwa na yeyote. Chama cha maziwa chenye mnunuzi mmoja mkubwa kiko katika nafasi ya wauzaji hao. Hatari yake kubwa inaweza kuwa imo ndani ya kompyuta ya mnunuzi aliye Nairobi.

Upande wa faida, uzalishaji wa Isiolo una kitu ambacho Norsk Hydro ililazimika kukitafuta kwa wastaafu wake, nacho ni uwezo wa kufanya kazi kwa mkono. Daftari lipo, mwenye kusoma laktomita yupo, na anayejua mtungi upi ni wa nani hahitaji skrini kumwambia. Uwezo huo unafaa kuhesabiwa kama mali katika ulinganisho wowote, kwa sababu huufupisha muda wa kurejea wa kazi zinazofanyika kwa mkono hadi karibu sifuri. Kinachosikitisha ni kwamba miradi ya kuwaingiza wazalishaji wadogo kwenye mifumo ya kidijitali kwa kawaida hulihesabu daftari kuwa dalili ya kubaki nyuma, hivyo hulifuta, na haiweki chochote mahali pake siku mfumo unapogoma.

Kuna kumbukumbu nyingine ambayo wazalishaji wanayo tayari bila kuijua thamani yake. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima kwa saa nyingi, na mwezi Novemba na Desemba mwaka huohuo ukakatika tena. Hayakuwa mashambulizi, lakini yalikuwa mtihani wa stahamala uliotolewa kwa viwanda vyote kwa wakati mmoja. Friza ilikaa saa ngapi kabla maziwa hayajapanda joto? Jenereta iliwashwa na nani, na mafuta yalikuwepo? Kiwanda kilichoandika majibu ya maswali hayo kina takwimu za kweli kuhusu hatari yake, zenye manufaa kuliko zile za Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo kwa robo ya kwanza ya mwaka 2025 pekee ilitangaza zaidi ya matukio bilioni 2.5 ya vitisho vya kimtandao nchini. Idadi hiyo huhesabu zaidi majaribio yanayofanywa na mashine kubisha milango isiyohesabika, na haimwambii mwenye kichinjio kama nyama yake itaoza Jumanne.

Sheria ingeweza kuujaza upungufu huo. Sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni humtaka anayeendesha mfumo wa kompyuta aripoti shambulio kwa kamati ya kitaifa ndani ya saa 24, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hutaka uvujaji wa taarifa binafsi wenye madhara uripotiwe kwa kamishna ndani ya saa 72. Mradi taarifa hizo hazichapishwi kwa namna inayoonyesha kiwanda kilisimama saa ngapi na kilirejeaje, kila kampuni itaendelea kujifunza kwa gharama yake yenyewe. Bima nayo haizibi pengo: baada ya NotPetya, kampuni ya Zurich ilikataa dai la Mondelez la dola milioni 100 kwa hoja kwamba lilikuwa tendo la kivita, na mzozo huo haukumalizwa hadi mwaka 2022, kwa suluhu ya nje ya mahakama. Kampuni ya ukubwa wa Mondelez iliweza kungoja miaka hiyo. Chama cha akina mama wa Isiolo kisingeweza kungoja hata mwezi.

Kwa hiyo mahali ambapo kipimo cha saa kinaweza kuanza kutumika mapema zaidi ni kwenye hati za zabuni na mikataba ya misaada, ambazo kaunti na wafadhili huziandika kila mwaka wanaponunua vyumba vya ubaridi, friza na mifumo ya malipo. Hati inaweza kumtaka mkandarasi ataje kila njia ya kuufikia mtambo kutoka mbali na amkabidhi mwenye kiwanda nywila zake zote, laini zote zisajiliwe kwa jina la chama au la kichinjio, na siku ya makabidhiano mtambo uzimwe mawasiliano yake yote na uendeshwe kwa mkono na wafanyakazi wa hapohapo kwa muda wote wa stahamala, saa zikiandikwa na kutiwa saini. Jaribio hilo hugharimu siku moja ya fundi, na matokeo yake yanaweza kuwekwa kwenye jedwali moja na ya kiwanda cha Garissa, cha Marsabit au cha Athi River.